Mbegu Hupandwa Mautuma, Mavuno Huenda Nairobi

WAPENZI wengi wa kandanda hapa pwani, wakisikia habari za Ligi Kuu ya akina dada ya Kenya, hudhani hilo ni jambo la Nairobi. Huona magazetini picha za wasichana waliobeba kombe katika viwanja vya mji mkuu, wakafunga ukurasa. Lakini mtu akichukua orodha ya wachezaji wa timu kubwa za ligi hiyo, akayasoma majina moja baada ya jingine, ataona kwamba mengi yana asili ya Magharibi: Vihiga, Bungoma, Kakamega, Busia na Trans Nzoia. Mji huonyesha tu. Waliozaa na kulea wako mbali na mji.

Swali lililonifungisha safari ni hili: kwa nini nchi ya mahindi na miwa itoe wachezaji wengi hivyo, na je, nchi hiyo hurudishiwa nini? Nimelichagua swali hili kwa sababu linatuhusu sisi wa pwani pia. Nasi tuna mabinti wanaopiga mpira, na wazazi wanaojiuliza kama mchezo huu ni riziki au ni upepo tu unaopita.

NCHI YA MAHINDI

Mautuma ni kata ya Lugari, katika sehemu za kaskazini za Kaunti ya Kakamega. Mtu akitoka Mombasa kwa basi hana budi kuikata nchi karibu yote: apite Nairobi, Nakuru na Eldoret, kisha Turbo, ndipo aanze kuikaribia. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na baridi ya alfajiri ya huko humfanya Mswahili atafute shuka la pili.

Wakati wa ukoloni nchi ile ilikuwa ya masetla. Katika miaka ya 1960, Uhuru ulipowadia, mashamba makubwa yalikatwa vipande, na watu wakaja kukaa kutoka Maragoli, Bunyore, Bungoma na kwingineko. Kwa hiyo Mautuma ni mahali pa watu waliohama makwao kutafuta ardhi. Huko hakuna aibu mtoto kwenda mbali kutafuta maisha, kwani baba na babu zake walifanya hivyo hivyo.

Maisha yote huenda na mahindi. Mvua za masika zikianza, mwezi wa Machi au Aprili, kila mkono unahitajika shambani. Palizi hufuata, na mavuno huanza kiasi cha Oktoba. Katikati ya kazi hizo kuna ng'ombe wa kukamwa na maji ya kuteka, na kazi hizi mbili mara nyingi huwa za msichana. Wakati wake wa mpira ni ule mwembamba ulio baina ya kengele ya mwisho ya shule na magharibi.

Niliwatazama katika kiwanja cha shule, nyasi zimeliwa na ng'ombe mpaka chini, milingoti ya goli ikiwa ni miti iliyokatwa porini. Wavulana walitangulia kucheza. Wasichana walipewa kiwanja wavulana walipochoka. Wachache walikuwa na njumu, wengine raba zilizotoboka, na baadhi pekupeku. Lakini pasi zao zilikuwa za chini, za kutulia, na mlinda lango wao, msichana mrefu mwenye sauti kama ya nahodha wa jahazi, alikuwa akiwapanga walinzi wake kwa majina.

SHULE NDIYO MLANGO

Watu wengi hutafuta siri ya Magharibi katika damu au katika chakula. Wapo wanaosema ni ugali, wapo wanaosema ni miguu ya watu wa vilima. Mimi naona jibu liko karibu zaidi: ni shule za sekondari.

Kila mwaka mashindano ya michezo ya shule za sekondari huanzia ngazi ya chini, yakapanda wilaya, kaunti na mkoa, mpaka ya taifa, na washindi huendelea hadi mashindano ya Afrika Mashariki. Magharibi na Bonde la Ufa wamelishika jambo hili kwa mikono miwili. Butere Girls iko Kakamega, Wiyeta Girls iko Trans Nzoia, na Archbishop Njenga Girls iko huko huko Lugari. Hizi ni shule ambazo jina lake katika kandanda la wasichana linajulikana nchi nzima, na walimu wake hutembea vijijini kutafuta vipaji kama wanunuzi wa mahindi watembeavyo kutafuta magunia.

Msichana mwenye kipaji akipatikana, mzazi huambiwa kwamba karo itapunguzwa, au italipwa yote. Hapo ndipo mpira unapoingia katika hesabu ya nyumba. Kwa mkulima mwenye ekari mbili na watoto watano, karo ya mtoto mmoja ikiondoka mabegani, huo si mchezo tena. Huo ni msaada mkubwa kuliko ule wa ndugu wengi.

Nyumbani kwa mama mmoja, karibu na soko, nilikaribishwa kwa salamu ya kwao, "Mulembe," nami nikajibu kwa ya kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Mombasa yote hiyo kwa sababu ya mpira?"

Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akanipa chai ya maziwa na ndizi, kisha akanieleza habari za bintiye wa pili. Alisoma miaka minne bila yeye kuuza hata ng'ombe mmoja, kwa sababu ya miguu yake. Alipomaliza kidato cha nne alichukuliwa na timu moja ya ligi. Nikamuuliza huko analipwa nini. Mama akanyamaza kidogo, akasema kwamba siku za mechi anapewa nauli na chakula, na siku nyingine anampigia simu yeye mama kuomba nauli.

"Shule ilimlipia asome," akaniambia. "Sasa mimi ninamlipia acheze."

Nimeyachukua maneno hayo kama yalivyo, maana ndani yake mna habari yote ya Ligi Kuu ya akina dada.

MSIMU NI SAFARI

Msomaji aliyezoea ligi ya Uingereza katika televisheni huona msimu kama mfululizo wa mabao. Kwa wasichana wa ligi yetu msimu ni mfululizo wa safari. Tuseme timu ni 12. Kila moja itacheza na nyingine 11 mara mbili, nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 22, na 11 kati yake ni za kupanda gari. Timu ya Vihiga ikienda Nairobi hupita usiku kucha barabarani, au huondoka alfajiri ya siku ya kuamkia mechi. Lazima kuwe na gari, chakula cha watu zaidi ya ishirini, na mahali pa kulala. Baada ya mechi ni kurudi, na Jumatatu wengine wako darasani na wengine wako kwenye biashara ndogo zinazowaweka mjini.

Timu isipofika uwanjani hupoteza pointi tatu pasipo mpira kuguswa, na mpinzani huandikiwa mabao ya bure. Mtu akiisoma jedwali ya ligi akaona timu iliyo mkiani, asiharakishe kusema wasichana wale hawajui kucheza. Mara nyingine walichokosa ni mafuta ya gari.

Misimu ya karibuni imekuwa ikianza mwishoni mwa mwaka na kuisha katikati ya mwaka unaofuata. Maana yake ni kwamba ligi huanza Mautuma wakati wa mavuno, na mzunguko wa pili hupamba moto wakati wa kupanda. Kila msichana aliyeko kambini ni jembe moja lililopungua shambani. Kwa hiyo nyumba nayo hutoa mchango wake katika ligi, ingawa jina lake haliandikwi popote.

ZAMA ZA VIHIGA

Hata hivyo, ilikuwapo timu ya Magharibi iliyoonyesha kwamba kijiji chaweza kulea na chaweza kuvuna pia. Timu hiyo ni Vihiga Queens. Ilipata msaada wa serikali ya Kaunti ya Vihiga, ikafanya uwanja wa Mumboha, pale Luanda, kuwa ngome yake. Ilitwaa ubingwa mwaka 2017, ikautwaa 2018, ikautwaa tena 2019. Timu za Nairobi na Thika zilizoea kwenda Mumboha kama mtu aendavyo kwa daktari wa meno: kwa lazima, na kwa wasiwasi.

Kisha ikaja 2021. Shirikisho la Afrika, CAF, lilianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake, na kila kanda ikaambiwa itoe wawakilishi wake. Mashindano ya kanda yetu ya CECAFA yalichezwa Nairobi, na Vihiga Queens wakaifunga timu ya benki ya Ethiopia, CBE, 2–1 katika fainali. Mwezi wa Novemba wakapanda ndege kwenda Misri. Wasichana waliozoea kiwanja cha Luanda wakasimama mbele ya Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na AS FAR ya Morocco. Waliwafungwa na Sundowns kwa bao moja tu, na Sundowns hao hao ndio walioondoka na kombe na zawadi ya dola 400,000.

Lile bao moja lanifanya nifikiri. Timu moja ilikuwa na mishahara, madaktari na viwanja vya mazoezi. Nyingine ilikuwa na kaunti yake na nia yake. Tofauti uwanjani ilikuwa bao moja. Basi tatizo letu halikuwa kipaji, wala halikuwa mwalimu.

MAJI HUFUATA MKONDO

Vihiga waliutwaa ubingwa kwa mara ya nne mwaka 2023. Lakini mwaka huo huo mambo yalikuwa yakibadilika Nairobi. Thika Queens, timu ya kale yenye mataji yake, iliingia chini ya Polisi wa Kenya ikapewa jina jipya, Kenya Police Bullets, chini ya mwalimu Beldine Odemba. Ulinzi Starlets, timu ya jeshi, tayari ilikuwa ligini. Katika msimu wao wa kwanza kwa jina hilo, 2023–24, Bullets walinyakua ubingwa, na mwaka 2024 walikwenda Addis Ababa kuiwakilisha Kenya katika CECAFA, wakafika fainali na kufungwa 1–0 na CBE.

Sababu si siri. Timu ya taasisi kama polisi au jeshi inaweza kumpa msichana ahadi ambayo timu ya mtaa haiwezi: matumaini ya ajira. Mchezaji wa miaka ishirini na mmoja akiwekewa upande mmoja jezi ya nyumbani na nauli, na upande wa pili jezi ya mji pamoja na kazi itakayobaki hata goti likivunjika, ni mzazi gani atakayemshauri achague ya kwanza? Maji hufuata mkondo.

Wako wanaowalaumu wasichana kwa kuhama. Mimi siwalaumu. Wala siilaumu timu inayowapa kazi, kwani hiyo ni neema kwa nyumba nyingi. Tanzania vivyo hivyo, JKT Queens ni timu ya jeshi la kujenga taifa, na Simba Queens na Yanga Princess wana mgongo wa vilabu vikubwa. Jentrix Shikangwa, mshambuliaji aliyetoka Vihiga Queens, alikwenda kuchezea Uturuki, kisha Simba Queens, na watu wa Dar es Salaam wakalijua jina lake kama wanavyojua majina ya wanaume wa Msimbazi. Hakuna aliyemlaumu kwa kutafuta riziki.

Ninachouliza ni kitu kingine. Mkulima wa Mautuma akipanda mahindi, mwenye kinu wa Eldoret au Nairobi hana budi kuyanunua. Bei ikiwa mbaya mkulima hulalamika, lakini bei iko. Kwa mchezaji wa kike hakuna bei yoyote. Shule iliyomfundisha, timu ya kata iliyomvika jezi ya kwanza, na mwalimu aliyetoa mshahara wake kununua mpira, wote hawapati kitu anapovuka.

Na hili limeandikwa katika sheria zenyewe. FIFA ina utaratibu wa fidia ya malezi: kijana wa kiume anapotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, timu zilizomlea tangu miaka kumi na miwili hudai malipo. Kwa miaka mingi fidia hiyo haikuhusu kandanda la wanawake. Waliotunga sheria walihofia kwamba ikiwekwa, timu za wanawake zisizo na fedha zingeshindwa kusajili wachezaji. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini matokeo yake ni kwamba yule mdogo kabisa, wa kijijini, ndiye aliyebebeshwa gharama ya kumsaidia mkubwa.

BENDERA YA TAIFA

Tukitaka kuona thamani ya mbegu hizo, tuitazame timu ya taifa. Harambee Starlets waliingia fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, nchini Cameroon. Walifungwa mechi zote tatu: Ghana 3–1, Mali 3–1, na Nigeria 4–0. Wengi waliwacheka. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2019, walikwenda Dar es Salaam katika kombe la CECAFA wakaifunga Tanzania 2–0 katika fainali, nyumbani kwao, na mabao yote mawili yalitiwa na huyo huyo Shikangwa.

Baadaye wakubwa walivurugana. Mwezi wa Novemba 2021 uongozi wa shirikisho la kandanda uliondolewa na serikali, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Starlets walikuwa wameitandika Sudan Kusini jumla ya mabao 15–1 na walikuwa wakingoja kukutana na Uganda. Mechi hizo hawakuzicheza, na Uganda ikaenda fainali. Ugomvi ule ulikuwa wa watu wenye tai, lakini waliolipa ni wasichana. Adhabu iliondolewa Novemba 2022, na miezi ile tisa haikurudishwa katika umri wa mchezaji yeyote.

Mwaka 2024 wadogo zao, wenye umri usiozidi miaka 17, wakafanya jambo ambalo Kenya haikuwahi kulifanya, wanaume kwa wanawake: waliingia Kombe la Dunia. Chini ya mwalimu Mildred Cheche waliitoa Burundi, wakasafiri hadi Jamhuri ya Dominika, wakafungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2–1. Wengi wao walikuwa wanafunzi, na shule za Magharibi zilikuwa na sehemu kubwa katika kikosi kile. Na Oktoba 2025 Starlets waliifunga Gambia jumla ya mabao 4–1, wakapata tena nafasi ya fainali za Afrika za 2026, baada ya miaka kumi.

NA SISI WA PWANI?

Hapo msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu atauliza: sisi tunaingiaje?

Kwanza, tusidhani kwamba Magharibi ni nchi ya mbali na sisi. Mumias, iliyo katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili katika karne ya 19, na Uislamu uliota mizizi pale katika dola ya Wanga, zama za Nabongo Mumia. Hadi leo adhana husikika Mumias kama inavyosikika Kibokoni. Na mji huo una timu ya akina dada iliyowahi kucheza Ligi Kuu, Wadadia, iliyozaliwa na shirika linalotumia mpira kuwafundisha wasichana afya na haki zao.

Pili, bao la kwanza kabisa la Kenya katika fainali za Afrika za wanawake, lile lililoingia katika wavu wa Ghana mwaka 2016, lilitiwa na Esse Akida, binti wa Kilifi. Alitokana na Moving the Goalposts, mradi ulioanzishwa Kilifi mwaka 2001 kuwapa wasichana nafasi ya kucheza. Baadaye alichezea Thika Queens, akavuka bahari hadi Beşiktaş ya Istanbul na PAOK ya Ugiriki. Mwanahalima Adam naye, mshambuliaji wa Starlets, aliwahi kupitia Thika Queens na kucheza Uturuki. Majina haya yamekwisha kuvaa jezi ya taifa, na hayana haja ya kuombewa nafasi.

Basi kipaji tunacho. Tunachokosa, nionavyo mimi, ni vile vitu viwili ambavyo Mautuma wanavyo: shule zinazomlipia msichana kwa ajili ya mguu wake, na ruhusa ya nyumbani.

Hilo la ruhusa nalizungumza kwa heshima. Mzazi Mwislamu anayo haki ya kuuliza binti yake atavaa nini, atasafiri na nani, atalala wapi, na swala zake zitakuwaje. Haya si maswali ya ushamba. Mama wa Mautuma, Mkristo, aliniuliza yale yale: nani anayemlinda mtoto usiku akiwa safarini? Tofauti ni kwamba huko yupo mwalimu wa kike anayekwenda nyumbani kujibu, na mzazi humjua kwa jina.

Kuhusu mavazi, mlango umefunguka. Mwaka 2011 wasichana wa Iran walizuiwa kucheza na Jordan katika mechi ya kutafuta nafasi ya Olimpiki kwa sababu ya kufunika vichwa. Baada ya malalamiko mengi, mwaka 2014 sheria ilibadilishwa, na hijabu ikaruhusiwa rasmi. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa katika Kombe la Dunia, na timu yake ikaifunga Korea Kusini 1–0. Suruali ndefu chini ya kaptura na mikono mirefu chini ya jezi hazimzuii mtu kupiga pasi.

Kuhusu Ramadhani, ile ya 2024 iliangukia Machi na Aprili, katikati ya msimu. Jambo hili linahitaji mpango, kama vile saa ya mechi na saa ya safari, na mpango hufanywa na watu waliokaa mezani. Ikiwa hakuna timu ya pwani katika ligi, na hakuna mama wa pwani katika kamati, nani atakayelikumbusha shirikisho?

MZIGO UGAWANYWE

Ninayo mapendekezo matatu, nayo si makubwa.

La kwanza, shirikisho letu lisingoje FIFA. Laweza kuweka kanuni yake hapa nchini kwamba timu ya Ligi Kuu ikimsajili msichana kutoka shule au timu ya kata, itoe kitu kwa waliomlea, hata kama ni mipira kumi na seti moja ya jezi. Kwa timu ya taasisi hiyo ni gharama ndogo. Kwa kiwanja cha Mautuma ni maisha ya misimu miwili.

La pili, fedha za wafadhili wa ligi zitangulie kulipa nauli kabla ya zawadi. Zawadi humfurahisha bingwa mmoja. Nauli huwaweka wote uwanjani, na bila wote hakuna ligi.

La tatu ni letu sisi. Kaunti za pwani zina viwanja, na zina fungu la michezo katika bajeti zao. Vihiga, kaunti ndogo isiyo na bandari wala hoteli za watalii, iliipeleka timu yake Misri. Sioni kinachoizuia Kilifi au Kwale, wala Mombasa yenyewe, ila kutotaka.

Yule mama hakujua jedwali ya ligi, wala hakuwa na habari ni nani anayeongoza. Lakini alijua hesabu ya nauli ya bintiye kwa shilingi, kwa mwezi, tangu msimu ulipoanza. Ligi itakayoweza kumwondolea hesabu hiyo ndiyo itakayokuwa Ligi Kuu kweli. Mpaka hapo, kila kombe linaloinuliwa Nairobi lina mkono wa mtu wa Mautuma chini yake, na mkono huo umechoka.